Gari la Patron Likipata Joto

Kule Point, kusini kabisa mwa Afrika, nyuma ya maghorofa ya zamani yanayoelekea bandarini, pana ukuta wa gereji wenye rangi ya kijani ambayo jua na chumvi vimeshaila nusu. Chini ya ukuta huo kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na ubao huo ndio kijiwe. Ikifika saa kumi jioni Médiatrice, mama wa Kirundi mwenye sauti ndogo na jicho kali, hutua thamosi zake mbili za kahawa ya tangawizi, na wenye kijiwe huwa wameshakaa, kila mtu pahali pake. Ukikalia pahali pa mtu hakuna atakayekufukuza. Watakutazama tu mpaka uhame mwenyewe.

Pahali pa mwisho, karibu na mlango, ni pa Gustave. Gereji si yake, amepanga kona moja ya uani, lakini amekaa hapo miaka kumi na minne. Ufundi aliupata Bukavu kwenye malori ya mizigo, na kijiweni wanamwita Dokta, kwa sababu huegemeza bisibisi kwenye injini, akatia sikio kwenye mpini wake, akafumba macho na kusikiliza. Jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kuonyesha. Mtu akimwita Gustave mbele ya mteja, alijifanya hajasikia.

Alhamisi hiyo Dokta alikuwa na mgonjwa asiyepona. Gari la Niyongabo lilikuwa uani, boneti wazi. Niyongabo ni Mrundi mpole ambaye kwa miaka kumi na mmoja amelinda magari ya watu kule ufukweni, jua na mvua, na mwaka jana akanunua lake. Tangu siku hiyo kijiwe kikambatiza Patron, yaani bosi. Jumamosi binti yake wa kwanza, Irakoze, alikuwa anapokea shahada ya sheria Pietermaritzburg, na Patron alikuwa ameshaapa mbele ya wote kwamba mwanawe hatapanda taksi siku hiyo. Atapelekwa na baba yake, kwa gari la baba yake.

Tatizo ni kwamba gari lilizima. Asubuhi likiwa baridi liliwaka vizuri, lakini likishapata joto lilikata pumzi ghafla, na baada ya nusu saa likawaka tena kama vile halikufanya kitu. Jumanne lilizimia kwenye robot, taa za barabarani, karibu na geti la bandari, lori la kontena likiwa nyuma. Lori lilipiga breki, tairi zikalia, likasimama hatua mbili tu kutoka kwenye bampa. Patron aliisimulia habari hiyo kwa utulivu.

Gustave alichomeka mashine yake ya kusoma makosa, ikamwambia kwamba ishara ya mzunguko wa injini haifiki kwenye kompyuta. Aliwaeleza kijiwe kwa lugha nyepesi. Injini ya siku hizi, alisema, haijui yenyewe ni lini itoe cheche. Kuna sensa ndogo kama jicho, inahesabu meno ya gurudumu la injini yakipita, na kila jino likipita inaiambia kompyuta: sasa, sasa, sasa. Jicho likifumba, kompyuta inapotea majira, na ikishapotea inafunga moto na mafuta vyote pamoja. Basi alinunua sensa mpya, akaifunga Jumatano, akapeana mkono na Patron. Jumatano hiyohiyo gari likazimia kwenye mlima wa Berea.

Sasa kijiwe kizima kilikuwa na maoni. Wa kwanza alikuwa Ameir, mfanyabiashara wa nguo kutoka Unguja, aitwaye Kadhi kwa kuwa hakuna kesi inayopita bila yeye kutoa hukumu.

— Hii ni chumvi ya bahari, alisema. Inaingia kwenye shaba, inaila ndani kwa ndani. Wahenga walisema, maji ya moto hayachomi nyumba.

Hakuna aliyeelewa maji ya moto yamehusikaje na chumvi, lakini Kadhi alilitamka kwa uzito, na kijiwe kikakubali kwa kichwa.

Hardy, Mkongomani muuza vipuri wa barabara ya pili, alikuwa na lake. Yeye walimwita Jenuini, maana hajawahi kuuza kitu bila kuapa kwamba ni jenuini. Alisema karibu na bandari iko wezi wenye mashine za kuziba ishara. Wanazitumia kuzuia magari ya watu yasijifunge, na mawimbi yale yakikutana na kompyuta ya gari yanaipiga bumbuwazi. Kadhi akaona amepitwa. Akasema kama ni mawimbi basi yatakuwa ya rada za meli, na watu wachunguze: gari hili huzimia likielekea baharini.

— Berea lilikuwa linaipa bahari mgongo, alisema Patron.

— Rada inazunguka, akajibu Kadhi.

Médiatrice, akimimina, alisema kwa sauti yake ndogo kwamba kuna jirani mmoja aliyelitazama gari hilo vibaya siku lilipoletwa. Hapo hata Kadhi aliacha kupinga.

Gustave hakucheka. Tangu Jumatano usiku alikuwa anajua kwamba ameshindwa, na kwamba kijiwe kilikuwa kinalizunguka jambo hilo kwa adabu tu. Mtu akiwa Dokta na mgonjwa akafa mikononi mwake, watu hawamsemi. Husema habari za rada. Alitua kikombe.

— Tuache michezo, alisema. Mimi kazi yangu nilifanya. Sensa ile ndiyo iko fake. Nilifunga kitu kibaya kwa sababu niliuziwa kitu kibaya.

Kila mtu alijua aliyemuuzia. Hardy hakupandisha sauti. Aliuliza kama Gustave aliipima kabla ya kuifunga, na Gustave akajibu kwamba mtu hapimi kitu anachouziwa na ndugu yake.

— Dokta, miaka tisa nakuuzia vipuri, alisema Hardy. Leo ndiyo nimekuwa mwizi?

Gustave alitazama barabarani. Hardy akaweka kikombe chini, kahawa ikiwa bado nusu, akaondoka. Kadhi aliguna kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na safari hii hata kichwa cha kukubali hakikutikisika.

Ndipo akafika dada mmoja wa Mbeya. Alikuwa amevaa ovaroli la buluu lenye madoa ya grisi na viatu vizito vya bandarini, amepita kununua kahawa tu. Médiatrice alimjulisha: huyu ni Atuganile, fundi umeme wa zile mashine ndefu zinazobeba makontena. Alisalimia wakubwa kwa shikamoo, akapokea kikombe, akasimama pembeni. Kadhi, ambaye hapendi msikilizaji mpya apotee bure, alimhadithia ugonjwa wote tangu mwanzo, chumvi, wezi, rada na jirani. Atuganile alisikiliza mpaka mwisho.

— Samahani wazee wangu, alisema. Gari lilipozima, nani kati yenu alikuwa ndani akiangalia deshibodi?

Kadhi alimtazama Gustave, Gustave akamtazama Patron. Patron alisema yeye alikuwa ndani, lakini macho yake yalikuwa kwenye lori.

Atuganile alieleza, tena kwa upole, kwamba bandarini mashine ikisimama huwa hawaigusi mpaka wamjue aliyekuwa juu yake na alichokiona. Kwenye gari kuna mshale wa mizunguko ya injini. Injini ikikata kwa kukosa mafuta, mshale huteremka pamoja nayo, taratibu. Lakini ishara ikikatika, mshale hudondoka sifuri kwa mara moja, hali injini bado inazunguka kwa nguvu ya tairi. Na sensa peke yake si ishara, alisema. Kuna sensa, kuna waya, kuna kompyuta. Sensa mnayo mpya. Waya umeangaliwa na nani? Akamaliza kahawa yake, akaomba radhi kwamba zamu inamngoja, akaenda.

Haya aliyosema yule dada hayakuwa mageni kwa Gustave. Aliyajua. Alikuwa ameyajua miaka mingi, na ndiyo maana yalimuuma. Alikuwa amesoma jina la sensa kwenye mashine, akabadilisha sensa, akajiona ametibu. Angekuwa kijana wa kazi amefanya hivyo, angemkaripia mbele za watu.

Aliinuka, akamwambia Patron wapande garini.

Walizunguka mjini wakati magari yanapobanana, madirisha yamefungwa ili joto lizidi. Gustave hakuangalia njia hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye mshale. Walipanda Berea, wakashuka, wakapanda tena, na karibu na juu mshale ukaanguka sifuri kama jiwe. Injini iliendelea kuvutwa na tairi kwa muda wa pumzi mbili, kisha ikanyamaza. Patron alilisogeza gari pembeni, mikono imekaza usukani.

— Umeona? aliuliza.

— Nimeona, alisema Gustave, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne moyo wake ulitulia. Ugonjwa wenye jina si ugonjwa tena, ni kazi.

Lilipokubali kuwaka waliliteremsha gereji, likapandishwa kwenye vyuma, breki ya mkono na mawe nyuma ya tairi. Gustave aliacha injini ikinguruma mpaka feni ikaanza kupuliza, akaingia chini na tochi na kijiti cha mti. Patron alibaki kwenye kiti cha dereva, kazi yake kuutazama mshale na kusema. Gustave alianza kwenye sensa, akaufuata waya kwa kijiti, kidole kwa kidole, akiusukuma kidogo kila pahali.

— Sasa?

— Umesimama vizuri.

— Sasa?

— Vizuri.

Waya ulipita nyuma ya injini, ukainama mahali ambapo haukupaswa kuinama, ukalalia bomba la moshi. Gustave aliugusa hapo kwa kijiti. Injini ikazima.

— Umeanguka, alisema Patron kutoka juu. Dokta, umeanguka.

Gustave alielekeza tochi hapo. Ganda la waya lilikuwa limeyeyuka upande mmoja, shaba ikiwa uchi kama mfupa. Bomba likipoa, waya ulijivuta na kuachana nalo. Likipata joto waya ulilegea, shaba ikagusa chuma, na ishara yote ikamwagika kwenye bodi ya gari. Yote yalikuwa wazi, hata mtoto angeyaelewa. Lakini macho yake yalipanda juu kidogo, mahali waya ulipopaswa kupita, na hapo palikuwa na klipu ya kubana waya, wazi, haina kitu ndani.

Klipu ile aliifungua yeye. Februari alibadilisha klachi ya gari hili, Ijumaa jioni, mvua inamwagika mpaka uani pamekuwa ziwa. Alikumbuka baridi ya maji mgongoni. Alikumbuka, vizuri kabisa, kwamba klipu ilikuwa juu sana na mkono haukufika, na akajiambia waya utakaa tu wenyewe, klipu moja si kitu.

Alilala pale chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Angeweza kuunga waya, akaubana kwenye klipu, akatoka na kusema mgonjwa amepona. Nani angejua? Patron hajui klipu ni nini. Gari lilipita kwa mafundi wengine kabla hajalinunua, na fundi aliyetangulia ndiye mtu rahisi kuliko wote kubebeshwa lawama duniani. Na Hardy angebaki mwizi. Si lazima mtu aseme tena, ingetosha kutokanusha.

— Iko nini? aliuliza Patron.

— Ni waya, alisema Gustave. Kesho saa kumi usikose kijiweni.

Ijumaa alifanya kazi tangu asubuhi. Alikata kipande kilichoungua, akaunga waya wa aina ileile kwa risasi ya kulehemu, si kwa kusokota na utepe kama wafanyavyo wenye haraka. Akauvika ala isiyoshika moto, akaupitisha njia yake ya kiwandani na kuubana kwa klipu mpya, mkono ukichubuka kwa kufikia juu. Saa sita Atuganile alipita kabla ya zamu yake, Gustave akiwa amemwomba, akapima kwa mita yake injini ikiwa baridi, kisha ikiwa ya moto, akautikisa waya bila huruma. Namba hazikucheza.

— Kazi nzuri, baba, alisema.

Kisha Gustave aliosha mikono, akavaa shati safi, akaenda mpaka barabara ya pili. Hardy alikuwa nyuma ya kaunta anapanga plagi. Gustave alimwomba aje kijiweni. Hardy akasema ana kazi.

— Nakuomba, alisema Gustave. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Siwezi kuirudisha hapa tukiwa wawili.

Hardy alikuja, ila hakukaa. Alisimama kwenye kona ya ukuta, mikono kifuani. Kadhi alikuwepo, Patron alikuwepo, Médiatrice alikuwa na thamosi mkononi. Gustave aliweka juu ya ubao kipande cha waya kilichoungua, na kando yake ile klipu ya zamani.

— Sensa ya Hardy iko muzima, alisema. Tangu siku ya kwanza iko muzima. Ni mimi niliacha waya huu kwenye bomba la moshi, Februari, nikifunga klachi. Niliona klipu haijafungwa, nikaacha. Hakuna mwizi hapa. Kuna fundi aliyekuwa na haraka.

Kadhi alikohoa, akatangaza kwamba kosa moja haliachi mke. Médiatrice akamuuliza mke hapa ni nani, na Kadhi akasema ataliangalia. Hapo Hardy alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa. Alikuja akaichukua klipu, akaigeuza mkononi.

— Hii kweli iko jenuini, alisema, na akakaa pahali pake.

Patron aliuchukua waya, akautazama pale shaba ilipokuwa uchi, akatazama barabara ambako malori ya kontena yalikuwa yanapita moja baada ya jingine. Kisha akainuka, akaingia uani, wakasikia mlango wa gari unafunguliwa na kufungwa. Gustave alijiambia kwamba huyu anachukua gari lake, na ana haki. Mtu aliyekaribia kusagwa na lori kwa sababu ya mkono wako hana deni la kukuamini.

Injini iliwaka. Ikanguruma pale uani dakika kumi, kumi na tano, feni ikapuliza, ikanyamaza, ikapuliza tena. Kisha Patron akazima kwa ufunguo wake mwenyewe, akatoka.

— Kesho uko na kazi? alimuuliza Gustave.

— Hapana.

— Basi utakaa mbele na mimi. Mama na mtoto watakaa nyuma. Mtu aliyesema yake mbele ya watu, huyo ndiye naweza kupanda naye mlima.

Waliondoka Jumamosi saa moja asubuhi, Irakoze ameshikilia joho lake ndani ya mfuko wa nailoni lisijikunje, mama yake akiimba chini kwa chini wimbo wa kanisani. Barabara ya Pietermaritzburg haina mzaha. Inapanda, inapumzika kidogo, inapanda tena, na malori yanakazana ubavuni kama ndovu. Gustave alitazama mshale mpaka macho yakauma. Kwenye mlima mrefu kuliko yote, jua limeshakuwa kali, sindano ya joto ikapanda na mshale wa mizunguko ukakaa pale pale, imara kama msumari. Irakoze aliinama mbele akamuuliza anatazama nini.

— Kitabu changu, alisema Gustave. Wewe ulishamaliza vyako.

Chuoni kila mhitimu alipewa tiketi mbili tu za wageni. Patron alianza kuhangaika, Gustave akamwambia aende, mtoto ana baba mmoja. Akabaki kwenye maegesho, ambako wasio na tiketi walikuwa wameshajikusanya kwenye benchi la saruji, wajomba, mashangazi na madereva, na mtu mmoja amefungua chupa ya chai. Walimsogezea nafasi. Ndani ya ukumbi majina yalikuwa yanasomwa kwenye kipaza sauti, yanatoka nje kwa mkwaruzo. Gustave alingoja herufi ya Irakoze. Mtangazaji alilivunja jina la Irakoze vipande vitatu, akaliunga vibaya, lakini lilikuwa lake, na kutoka katikati ya ukumbi ikapanda sauti moja ya mama, kigelegele kirefu kisichotaka kushuka. Benchi zima liligeuka likatabasamu.

Mzee wa Kizulu aliyekaa kando yake, amevaa suti na kofia, alimmiminia chai.

— Huyo ni wa kwako? aliuliza.

Gustave alishika kikombe kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikuwa bado na mchubuko wa jana, na kwenye kucha weusi ambao sabuni haikuutoa.

— Hapana, baba, alisema. Mimi ni fundi wa gari lililomleta.

Akanyoosha mkono kulionyesha, lile pale, la tatu kutoka kwenye mti ule, na akakaa wima.